Maneno ya Elifazi Juu ya Kaburi la Mtoto

Mshauri, nakuandikia kwa simu kwa sababu jana Nashon, fundi anayechonga mawe ya makaburi Busia upande wa Kenya, aliniambia kwamba jiwe la binti yangu Daphine limeshalipiwa na maneno yameshachaguliwa, na Ijumaa ya wiki ijayo anaanza kuchonga. Namba yake nimeiweka hapa chini.

Daphine alikuwa na miaka sita, alikufa kwa malaria nikiwa Busia nauza mitumba, maana siku za soko huwa nalala huko kwa dada yangu, na nilipofika nyumbani Kiyeyi, upande wa Uganda, nilikuta watu wameshajaa uani. Kwenye mazishi Mwinjilisti Omoding hakuwa ametayarisha somo, alisema Roho atamwongoza, akafumba macho, akafungua Biblia na kuweka kidole, na kidole kikaangukia Ayubu sura ya nne, pale panapoulizwa ni nani asiye na hatia aliyewahi kuangamia, na kusemwa kwamba wanaolima uovu ndio wanaouvuna, na watu wote wakageuka kunitazama mimi. Tangu hapo mama mkwe ananiita mkulima, ananiuliza mbele ya majirani, "Mkulima, huko ng'ambo ulilima nini?" na sasa maneno hayohayo ndiyo yanayokwenda kuchongwa, na kaburi liko kando ya jiko langu, nitayasoma kila siku hadi nife.

Mimi nimesoma kozi ya wasomaji wa kanisa hapo Tororo, na mwalimu wetu Resty alitufundisha kwamba Ayubu sehemu kubwa ni mashairi ya watu wanaobishana, kwamba maneno yale ni ya Elifazi, rafiki wa Ayubu, na kwamba mwishoni Mungu anamkemea Elifazi. Nilimweleza Mwinjilisti, akanijibu, "Mama, Biblia yote ni neno la Mungu, usinichagulie." Nilimweleza mama mkwe, akacheka, nami nikamsomea zaburi ile inayomwombea adui siku zake ziwe chache, nikamwambia hilo nalo ni neno la Mungu. Baba Daphine hasemi kitu. Je, niende kwa askofu na vitabu vyangu?

Mama Daphine, Kiyeyi

Mama Daphine, pole kwa mtoto.

Mwalimu wako yuko sahihi. Kitabu cha Ayubu kinaanza na kuisha kwa masimulizi, na katikati ni mabishano marefu ya kishairi. Aliyekitunga hajulikani, na wataalamu hawajakubaliana ni karne gani. Lakini sura ya mwisho haina utata: Elifazi anaambiwa hakusema yaliyo sawa. Mtunzi alimpa maneno matamu makusudi, tuone jinsi mtu wa dini anavyoweza kumuumiza aliyefiwa. Kuyachonga juu ya kaburi ni kumfanya mshtakiwa kuwa hakimu. Tena Elifazi na wenzake walikaa chini na Ayubu siku saba bila kusema neno kabla ya kuanza kukosea. Mwinjilisti wako hakungoja hata kaburi lifukiwe.

Sasa wewe. Zaburi uliyomsomea mama mkwe ni kilio cha mtu aliyeonewa, anamwaga hasira yake mbele ya Mungu. Haikuandikwa ili umkabidhi mtu kama hati ya kifo. Ulifanya alichofanya Omoding, na wewe ulikuwa umefundishwa. Mwombe mama mkwe radhi kwa hilo moja tu, kisha ufunge mdomo, maana atataka uungame na mengine ambayo hukuyafanya.

Askofu mwache. Umeandika mengi kuhusu Omoding, na kuhusu mumeo maneno manne. Nilimpigia Nashon. Amethibitisha kwamba aliyelipia jiwe ni baba Daphine, alikwenda peke yake, na maneno aliyataja yeye mwenyewe. Mwanamume anayenunua jiwe la kumshtaki mkewe hajanyamaza. Amesema.

Kwa hiyo zungumza naye, si na vitabu. Wewe ulikwenda kuuza nguo ili nyumba ile ipate chakula. Malaria huletwa na mbu. Yeye ndiye aliyekuwa nyumbani: muulize homa ilianza lini, na mtoto alipelekwa zahanati lini. Uliza taratibu, bila mama yake kuwepo. Swali hilo ni chungu, na huenda ndilo lililomkimbiza hadi kwa mchonga mawe. Akilia, mwache alie. Akikupiga, ondoka siku hiyohiyo uende kwa dada yako.

Nashon anasema atabadilisha maneno ikiwa aliyelipa atafika mwenyewe kabla ya kazi kuanza. Nendeni wote wawili. Jina la mtoto na miaka yake vinatosha. Mumeo akikataa kuvuka mpaka, utakuwa umejua unaishi na nani. Alhamisi, siku ya mwisho kabla hajaanza kuchonga, duka la Nashon linafunguliwa saa mbili asubuhi.