Shikamoo ya Mlangoni

Ijumaa, 20 Machi 2020

Hoteli imefungwa. Wageni wa mwisho, Wajerumani wawili, nimewapakilia mabegi mwenyewe. Clifford, meneja wetu, kasema ni likizo tu, tutapigiwa simu. Likizo!

Nimerudi Likoni. Jirani yetu Mwanasaumu kaniona, kawaita watoto wake ndani. Eti mtu wa wazungu.

Mama alininyooshea mkono niubusu kama kila jioni. Nikabaki mlangoni. Ana sukari, na mimi wiki nzima nimeshikana mikono na watalii. Nikamwamkia kwa mbali. Akaitikia marahaba, akaurudisha mkono ndani ya leso.

Jumapili, 24 Mei 2020

Idi gani hii. Siku hizi nabeba mizigo feri, katikati ya umati — bado simkaribii. Mama kauliza kama mkono wake umeoza. Nikamwambia maradhi yakiisha, inshallah.

"Wazungu wawafungulia mlango, Luqman. Mamako wamfungia."

Alikuwa akitania. Nadhani.

Jumatano, 8 Julai 2020

Tumemzika Mama. Sukari, si korona. Tulikuwa watu wachache tu. Nilishuka kaburini kumpokea. Mikono yake ilikuwa ndani ya sanda.

Alhamisi, 17 Septemba 2020

Clifford kapiga simu. Tulikuwa wanne wa kupokea wageni, anamtaka mmoja — mimi, kwa majaribio. Sharti ni moja: mgeni haguswi. Atakayegusa arudi kwao. Nimekubali kabla hajamaliza. Feri imenichosha mgongo.

Jumamosi, 3 Oktoba 2020

Wazungu hakuna. Imekuja familia ya Kisauni, bei ya wenyeji. Nikatoka na ile yangu ya mazoea: Jambo, karibu!

Bibi yao akasimama.

"Jambo? Kwani mimi mtalii, mwanangu?"

Akanyoosha mkono. Akangoja. Clifford yuko kaunta, anatutazama. Nilijua sharti, wallahi nililijua.

Nikashusha barakoa. Shikamoo, mama. Nikaubusu. Ulinukia udi. Aliponiitikia marahaba nilishindwa kuinua uso, mabegi yakabebwa na wajukuu.

Clifford hakugomba. Kaniambia tu nipitie ofisini kwake kesho, kabla sijavaa yunifomu.

Nimeifua. Nimeipiga pasi. Ipo hapa kitini kwa Mama, tayari kurudishwa.