Kuni za Barazani

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alinifundisha kumwamkia hata mtu niliyemkasirikia. Wewe ulinifundisha kushika uma.

Nianze na habari za nyumbani. Makopo yako ya maua hayapo tena barazani. Wiki ya pili baada ya mazishi Mama aliyabeba moja moja akayapeleka nyuma, karibu na banda la mbuzi, na mahali pake akapanga kuni, kutoka sakafuni mpaka usawa wa dirisha la chumba chako cha kusomea. Mgeni akija sasa anapokewa na kuni. Najua ungesema nini. Ungesimama pale kwenye ngazi, mikono nyuma, na kwa ile sauti ya kukagua madaftari ungesema, "Huu ni ushenzi, Mama Hilda."

Neno hilo halikukauka mdomoni mwako. Kuni barazani ni ushenzi. Kula bada, ugali wetu wa huku, kwa mkono ni ushenzi. Kucheka mpaka jirani asikie, kuongea Kishambaa mbele ya wageni, kukaa chini na kunyoosha miguu, vyote ushenzi. Wajomba zangu wakishuka kutoka Magamba na viazi na pea, tena mzigo wa kututosha mwezi mzima, walipita mlango wa nyuma, wakakaa kwenye mkeka jikoni, wakala wakaondoka. Wewe ulikuwa mezani na gazeti. Ulitoka kuwasalimia walipokuwa wamesimama tayari kwenda, ili salamu isiwe ndefu.

Basi nikuambie walikuzika nani, maana ulikuwa umelala. Mvua ilikata barabara, gari lenye jeneza likakwama chini darajani. Walimu wenzako na wale wa ofisini walisimama na miavuli na tai zao, kila mmoja akimtazama mwenzake, mmoja akapiga simu kuuliza kama kuna njia nyingine. Njia nyingine ilikuwa ile ya miguu. Wajomba wa mlango wa nyuma walivua viatu, wakakunja suruali, wakakupandisha mabegani mlima mzima kwenye utelezi ule, na hawakukuangusha hata mara moja. Watu waliniona nimeinamisha kichwa wakadhani nalia. Mungu anisamehe, nilikuwa najizuia kucheka.

Sasa nije kwenye riwaya yako.

Mwezi uliopita Baba Mdogo Yonazi alikuja na lile faili la kijani ulilomkabidhi kabla hujaugua. Alikuwa amelifunga kwa kitambaa cheupe kama vile amebeba sakramenti. Wanafunzi wako wa zamani wameunda kamati, wanataka kitabu kichapwe kabla ya ibada ya kutimiza mwaka, kigawiwe siku ya kusimika msalaba kaburini. Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili katika ukoo, kwa hiyo nikaambiwa niupige chapa mswada, nirekebishe makosa, na niandike dibaji ya heshima. "Baba yako alikuwa kioo cha ustaarabu wilaya hii," alisema Baba Mdogo, na soda ya tatu mkononi. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao nakuja kuchukua."

Jumamosi yenyewe ni kesho. Ndiyo maana nakuandikia leo.

*Mlima Uliokataa Taa.* Hata jina la kitabu linatutukana. Ulitusomea sura zake darasani nilipokuwa kidato cha tatu, ukaandika swali ubaoni kwa mwandiko wako mzuri: Jadili namna wahusika wa riwaya hii wanavyobeba dhamira ya ustaarabu na ushenzi. Nililijibu wakati ule. Leo nakujibu tena, Mwalimu, na safari hii sihitaji alama zako.

Ustaarabu umebebwa na Bwana Filemoni. Nimemsoma mara tatu kuanzia mwanzo mpaka mwisho nikitafuta kitu anachokibeba zaidi ya huo ustaarabu, sikukiona. Habebi maji, habebi jembe, hambebi mtu. Amevaa tai. Anakula kwa uma na kisu. Kiswahili chake kimenyooka mpaka unahisi kinamuuma mgongo. Anaamka, anatazama ukungu, anasikitika kwamba watu wa milima hii hawamwelewi, kisha anakaa kuandika kitabu. Chai inafika mezani. Nani kaileta, hujasema. Maji ya kuoga yanakuwa ya moto yenyewe, na shati linajipiga pasi. Ningekuwa nasahihisha ningekuandikia pembeni kwa wino mwekundu: huyu mhusika anaishi kwa miujiza.

Ushenzi wewe umembebesha yule mwanamke. Hukumpa jina. Kila alipo ni Mwanamke wa Msituni, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na hata mumewe, huyo huyo Filemoni, hamwiti kwa jina. Yeye analima, anachota, anapika, anabeba mzigo wa kuni mpaka shingo inazama, na kila anachofanya kinageuka ushahidi dhidi yake. Umesema anakula amesimama. Hukujiuliza kiti chake amekikalia nani. Umesema sauti yake ni kali, kana kwamba mtu anaweza kumwita mwenzake kutoka mteremko wa pili kwa kunong'ona. Umesema anaburuza mguu wa kushoto wakati wa baridi. Hapo uliona sawasawa, na ndipo ninapokudharau zaidi. Ungekuwa kipofu ningekusamehe. Wewe ulikuwa unaona kila kitu, kisha unakwenda kukiandika vibaya.

Nijidharau na mimi kidogo, isiwe wewe peke yako. Kile kidato cha tatu niliandika hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Mwanamke huyu ni kielelezo cha ushenzi kwa kuwa anakula kwa mkono, anapaza sauti, na hajui thamani ya kitabu." Ulinipa alama za juu kuliko wote. Ulisoma jibu langu mbele ya darasa, ukatabasamu, na wewe hukuwa mtu wa kutabasamu. Jioni ile nilirudi nyumbani nikamkosoa Mama Kiswahili chake mbele ya jirani. Aliitikia tu, "Haya, mwalimu mdogo," akaendelea kusonga. Sikuwa nimemtambua kwenye kitabu. Au nilimtambua nikaona afadhali nikae upande wenye alama.

Halafu ukapigwa na kiharusi, na mambo yakageuka kwa namna ambayo ungekuwa wewe mwandishi usingethubutu. Kiswahili kilikutoka chote. Hukubakiwa na hata "asante." Kilichobaki ni Kishambaa, kile ulichokifukuza nyumbani kwako kama kuku aliyeingia sebuleni. Na mimi, uliyenikataza nisikiongee nisije nikaharibu lafudhi, nilisimama pembeni ya kitanda chako namuuliza Mama, "Amesemaje?" Miezi mitano nilikuwa namsikia baba yangu kwa tafsiri. Uma ulikuponyoka mkononi, kijiko ulikikataa, ukafunga mdomo kama mtoto. Mama alinawa, akamega bada, akaichovya, akakulisha kwa vidole vyake. Ukala. Kila siku ukala. Nikiwa mlangoni niliona macho yako yanamfuata mkono ule, na nikajiambia labda sasa umeelewa. Hukuweza kuniambia kwa lugha ninayoielewa, kwa hiyo sijui. Nakukumbuka, Baba, na hilo nalo linaniudhi.

Mama ndiye aliyetaka nimsomee. Ana mtoto wa jicho, maandishi hayaoni tena, hata Biblia anasomewa. "Mzee kaandika miaka yote ile," alisema, "na mimi sijui kaandika nini." Nilijaribu kumkwepa. Huyo umezoea kumkwepa wewe, mimi siwezi. Basi kila nikirudi kutoka shule tulikaa jikoni, yeye anapukuchua mahindi, mimi nasoma.

Alicheka, Baba. Bwana Filemoni alimchekesha mpaka akaweka gunzi chini. Kila alipotazama ukungu Mama aliuliza, "Bado tu anatazama?" Tulipofika kwa Mwanamke wa Msituni aliacha kucheka. Nikasoma kurasa mbili, kisha akasema taratibu, "Huyo ni mimi." Nikashusha karatasi. Akasema, "Hapo kwenye mguu kasema kweli," akanionyesha kwa mkono niendelee.

Jumatano tukafika sura ya tisa, ile kamati inayoipenda kuliko zote. Filemoni anarudi kutoka mkutano wa Tanga, anakuta mwanamke amechukua mswada wake wa miaka mitatu akautia jikoni kuchemshia maharage. Meno yake yanameta kwenye moto na anacheka. Filemoni anapiga magoti kwenye majivu na kulia kwa ajili ya taifa zima. Umeiandika vizuri, sikatai. Niliposikia ukiisoma darasani nilitokwa machozi.

Nilipomaliza, Mama alikuwa ameacha kupukuchua. "Rudia," alisema. Nikarudia. Akauliza, "Mtoto umemruka?"

Nikamwambia sikuruka kitu.

"Tazama vizuri. Mtoto yuko wapi?"

Nikapekua mbele, nikapekua nyuma. Hakuna mtoto, Baba. Katika riwaya yako yote hakuna mtoto.

Ndipo akanihadithia, huku anachagua punje mbovu, kama anasimulia habari za sokoni. Ulikuwa mwezi wa saba, manyunyu ya wiki nzima. Mwaka huo ulitarajia ugeni wa mkaguzi wa shule, ukaamuru kuni zitoke barazani, yawekwe maua. Alikuambia zitalowa. Ukamjibu nyumba ya mwalimu si banda. Zikapangwa nje, wewe ukashuka Tanga kwenye mkutano, mvua ikazimaliza. Mchana wa siku ya pili mimi, mwenye mwaka mmoja na miezi kadhaa, nikashikwa na kichomi. Nilikuwa natetemeka mpaka midomo ikabadilika rangi. Kuni zinatoa moshi tu. Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya bonde na maji yamejaa. Akavunja kigoda chake akakichoma. Akachoma kinu kibovu, akachoma mpini wa jembe. Kigoda kikaisha, mpini ukaisha, mtoto bado wa baridi. Akaingia chumbani kwako. Anasema alisimama mlangoni kwanza, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kuingia mle.

Karatasi zako zilinipasha joto mpaka maji ya bonde yakapungua. Akanifunga mgongoni akatelemka nami hospitali kwa miguu. Mguu wa kushoto aliuumiza siku hiyo, kwenye mawe ya mtoni. Uliporudi siku ya tatu uliuliza karatasi ziko wapi. Kisha ukakaa ukaandika upya, ukamtia yeye na moto na mguu, ukaweka maharage, ukanitoa mimi.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza Mama.

"Ulikuwa umeshapona," alisema.

Nilishika lile faili la kijani. Moto ulikuwa unawaka vizuri pale mbele yangu, na mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Nilitaka kazi yako yote iondoke, tai na uma na machozi ya taifa. Ningemwambia Baba Mdogo panya wamekula. Mama hakuinuka. Alisema tu, "Weka chini, Hilda. Siku ile kuni zilikuwa zimelowa. Leo kuni zipo."

Kisha akarudi kwenye mahindi yake. Nimekaa na maneno hayo siku mbili, Baba, na bado sijayamaliza. Ungekuwa hai ningekupa uyajadili.

Kwa hiyo mswada wako nimeupiga chapa wote. Sikukugusa hata nukta. Filemoni yupo na ukungu wake, mwanamke yupo, maharage yapo. Watu wakusome ulivyo. Lakini dibaji ni yangu, na nimeiandika leo asubuhi hapa barazani, mgongo wangu umeegemea kuni. Inaanza hivi: "Mwanamke wa Msituni anaitwa Damari. Mimi ni mtoto aliyetolewa katika sura ya tisa." Baba Mdogo akiikataa, kitabu hakitoki. Nitamwambia hivyo kesho, kwa adabu zote, na nitampokea kwa shikamoo na soda. Wajomba nimewaalika pia. Wataingia mlango wa mbele.

Nakuaga, Baba. Nitakuja siku ya msalaba, nitapalilia, nitasimama mpaka ibada iishe. Naanza pia kujifunza Kishambaa, Mama ananicheka kila siku. Nikishakijua nitamwomba anirudie yale uliyosema kitandani, neno kwa neno, bila kutafsiri. Kama uliwahi kuniomba radhi, nataka niisikie mwenyewe.

Mwanao uliyemtoa,

Hilda