Fundi wa Stesheni

Jumatatu, 2 Novemba 1992

Kosa la watu wengi wenye gari linalovuja ni kumwonyesha fundi mahali tone linapoanguka. Tone halianguki lilipotoka. Hutambaa kwenye chuma, hufuata chesisi, husukumwa na upepo wa mwendo, kisha huchoka mahali fulani na kudondoka. Nimefundisha fizikia katika mji huu wa Likasi, Zaire, miaka ishirini na minne, na kosa hilo nimelifanya mwenyewe.

Asubuhi kama kila asubuhi. Birika mbili za maji kwenye rejeta. Wiki iliyopita ilikuwa moja. Dimbwi liko upande wa kulia, chini ya miguu ya abiria.

Niandike sababu, nisije nikajidanganya baadaye. Sofia, mke wangu, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto linaona mwanga tu. La kulia linamtofautisha mtu na mlango, basi. Daktari wa macho huja mara moja kwa mwaka katika hospitali ya misheni, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Siku ya Sofia ni Jumanne, tarehe 24. Baada ya wiki hiyo daktari anaondoka. Treni zinawabeba watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, waliofukuzwa majumbani mwao. Malori hayana ratiba, na Sofia hawezi kupanda juu ya magunia. Limebaki gari hili, la miaka ishirini, nililoachiwa na padri aliyerudi kwao.

Kigoma, kwetu, ni mbali. Hapa hatuna ndugu wa kumwambia atusukume.

Alhamisi, 5 Novemba

Fundi wa kwanza. Yuko karibu na soko, wanamwita Docteur, yaani Daktari. Ana kofia, ana wasaidizi watatu, ana kibao kilichoandikwa vizuri. Nilimwonyesha tone. Akaangalia tone. Akasema mpira wa rejeta umechoka, lakini mpira mpya haupatikani Likasi wala Lubumbashi.

Kisha akaniomba unga wa mahindi.

"Papa Mwalimu, unga ya bukari njo dawa. Unaimwanga ndani, inaenda yenyewe kutafuta tundu. Kesho utaniletea kuku."

Bukari ndiyo ugali wa hapa. Desturi hii ipo tangu zamani, na wanaoifuata si wajinga. Unga ukikutana na maji ya moto huvimba na kuwa uji mzito, na uji huziba. Shida ni kwamba uji haujui kutofautisha tundu la kuvuja na tundu la kupitia. Nilijua hivyo. Nikaenda nyumbani nikachukua bakuli mbili za unga kwenye ndoo ya jikoni. Mtu mwenye hofu hukubali dawa yoyote.

Jioni gari halikuvuja. Nilifurahi.

Jumamosi, 7 Novemba

Nilijaribu barabara ya Kambove. Kilima cha kwanza, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Nikasimama. Nilipofungua rejeta, kwa kitambaa na kwa kukaa mbali, uji ulitoka. Uji kabisa, mweupe, unachemka. Wachimbaji waliokuwa wakipita na vifurushi vyao walisimama kutazama.

"Mwalimu, sukari iko?" mmoja aliuliza.

Walicheka sana. Halafu walinisaidia kuligeuza gari. Nilirudi polepole, nikizima injini kwenye kila mteremko.

Sofia alipapasa ndoo ya unga, akaniuliza nani ameuchota. Nikamwambia. Akaifunika ndoo.

"Ule haukuwa wetu," alisema.

Ulikuwa wa stesheni. Kila Alhamisi yeye na akina mama wa parokia hupeleka unga kwa wale waliofukuzwa, wanaosubiri treni pale. Sikujua. Huwa anaondoka na Mama Monika wa nyumba ya kando, anamshika mkono. Nilidhani anakwenda kwaya.

Jumatano, 11 Novemba

Fundi wa pili ni jirani. Ngoie, wa nyumba ya tatu, anafanya kazi karakana ya kampuni ya shaba hapa mtaani Shituru. Fundi hodari, amesoma. Amesema si mpira, ni pampu ya maji. Ataichukua akaitazame kazini, kwenye meza yenye mwanga.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa siku nyingi na nimeona mitihani mingi, nilipaka doa dogo la rangi nyeupe nyuma ya pampu kabla hajaja. Huko si kumshuku mtu. Ni kuweka alama, kama tunavyofanya kwenye jaribio lolote.

Ijumaa, 13 Novemba

Pampu imerudi. Haina doa.

Nilikwenda kwake nikamwonyesha. Hakukasirika. Aliingia ndani, akatoka na pampu yangu imefungwa gazeti.

"Ee, Mwalimu! Macho yako iko makali! Nilikuwa nakupima tu."

Tulicheka wote wawili. Sijui kwa nini nilicheka. Mtu huyu hajapata mshahara tangu wakati wa kiangazi na ana watoto sita. Pampu nzuri ni chakula. Naelewa. Lakini kumwelewa mwizi hakukupi gari.

Imebaki siku kumi na moja. Pampu yangu imerudi mahali pake, na dimbwi limerudi palepale.

Jumapili, 15 Novemba

Baada ya misa Sofia aliniuliza swali ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu mwanzo. "Kwa nini hujamwendea Baba Kalala?"

Nitaliandika, maana hapa hakuna anayenisikia.

Kalala alikuwa jirani yetu, ng'ambo ya barabara. Fundi wa vichwa vya treni, miaka thelathini. Magari alitengeneza Jumamosi, kwa watu aliowapenda. Alizaliwa hapa Likasi. Babu yake ndiye aliyetoka Kasai. Mwezi wa Septemba vijana walikuja na fimbo na petroli, wakamwambia aende kwao. Walitoa vitanda, sufuria, cherehani ya mkewe. Mimi nilikuwa sebuleni nasahihisha daftari. Nilisimama, nikavuta pazia, nikarudi kwenye daftari. Nakumbuka hata alama niliyotoa. Kumi na mbili juu ya ishirini.

Hiyo ndiyo sababu nilikwenda kwa Docteur, na kwa Ngoie. Nimetafuta fundi mwaminifu mji mzima, na nilimjua tangu siku ya kwanza.

Sofia alikuwa anajua. Alisema tu, "Yeye anakusalimia kila Alhamisi."

Jumatatu, 16 Novemba

Nilikwenda stesheni. Mvua ilikuwa imenyesha. Watu wamelala kwenye mabehewa mabovu, chini ya maturubai, chini ya meza za shule, chini ya milango iliyong'olewa kwenye nyumba zao. Moshi wa kuni mbichi. Watoto wanakohoa. Niliegesha gari nyuma ya ghala, nikashuka.

Kalala alikuwa anatengeneza jiko la mtu. Amekonda. Alinitazama, akaliweka jiko chini.

"Mwalimu. Nilikuona siku ile. Pazia ya buluu."

Nikasema ndiyo. Alifuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Fungua motokari," akasema.

Hakuangalia dimbwi. Alicheka alipoonja maji ya rejeta na kukuta unga. Aliyamwaga, akajaza, akamwaga tena, mara tano, mpaka yakatoka safi. Halafu akaikausha injini yote kwa matambara.

"Weye unaangalia fasi mayi inaangukia. Minye natafuta fasi inatokea. Una chaki?"

Fasi ndiyo mahali, kwa Kiswahili cha hapa. Mwalimu hakosi chaki. Nilikuwa nayo mfukoni. Aliisaga kwa jiwe, akapuliza vumbi lake kote kwenye injini mpaka ikawa nyeupe kama mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga. Tukawasha. Tukasubiri. Baada ya robo saa mstari mwembamba wa kijivu ulionekana kwenye weupe, ukishuka ubavuni mwa injini, nyuma ya bomba la moshi, ambako jicho halifiki. Ukashika chesisi na kutembea karibu mita nzima kabla ya kudondoka.

Miaka ishirini na minne nimefundisha kwa chaki. Sikuwahi kufikiria hivyo.

Kilichooza ni kisahani cha chuma, kipana kama mdomo wa kikombe kidogo, kinachoziba tundu lililoachwa na kiwanda ubavuni mwa injini. Kutu imekila. Kipya hakipo. Bomba la moshi lazima lifunguliwe kwanza, boliti zake zimeganda, ni kazi ya siku mbili. Aliniambia gari libaki palepale. Nilirudi kwa miguu.

Jumanne, 17 Novemba

Kalala anataka bati la shaba, nene kiasi. Katika mji unaoishi kwa shaba nilitembea asubuhi nzima bila kupata hata kipande. Mchana nilikaa sebuleni na kuinua macho. Ukutani ipo picha ya swala iliyofuliwa kwenye bati la shaba, zawadi ya shule nilipotimiza miaka ishirini ya kazi. Kila sebule ya Katanga ina moja. Nikaiteremsha.

Kalala alikata duara kwenye kona ya chini. Mguu mmoja wa nyuma wa swala ulikwenda. Aliichoma duara hiyo motoni mpaka ikawaka nyekundu, akaitia majini. Chuma kikifanyiwa hivyo huwa kigumu. Shaba huwa laini, hukubali kugongwa na kukaa unapotaka. Alinieleza mimi, nami nikamwacha anieleze.

Jioni Ngoie alinisimamisha kwenye lango kuhusu safari zangu za stesheni.

"Mwalimu, minasikia unaenda ku gare. Ule muntu usimulete huku Shituru. Bavijana batafika mpaka ku kwako. Weye nawe ni mugeni, hapana kusahau."

Nadhani alinitakia mema. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumatano, 18 Novemba

Boliti moja imekatika. Kalala aliitoboa kwa mkono, kutwa nzima. Nilishika taa ya mafuta mahali aliponionyesha.

Kama treni ikija kesho gari litakuwa vipande. Nilijikuta nikiomba treni isije. Watu elfu wanaisubiri hiyo treni, wanaugua kwa kuisubiri, na mimi naomba ichelewe kwa ajili ya gari langu. Nimeandika, iwe wazi.

Alhamisi, 19 Novemba

Treni imekuja.

Saa nne asubuhi. Kelele kama za soko linaloungua. Watu walipitisha watoto madirishani, wakapitisha magodoro, wakapitisha bibi mmoja akiwa amekaa kwenye kiti. Nilimkuta Kalala amelala chini ya gari langu, miguu nje. Kisahani kilikuwa hakijaingia bado.

Nilimwambia aache, aende.

"Treni inaingia, haiyatoka," alisema kutoka chini. "Minye najua treni."

Mkewe, Mama Mbuyi, alisimama kwenye mlango wa behewa, mikono yote miwili imeshika nguzo ili asisukumwe.

"Kalala! Fasi yetu inakamatwa! Unapendaka motokari kuliko bibi?"

"Motokari haigombanaka!" alijibu, na watu wa behewa lile wakacheka, katikati ya yale yote.

Aligonga kisahani mara nane. Nilizihesabu. Akarudisha bomba la moshi, akakaza kila boliti kidogo, kisha akazunguka tena na kuzikaza zote. Tukajaza maji. Tukawasha. Alitandaza ukurasa wa gazeti chini ya injini, tukachuchumaa kuutazama kama watu wanaosoma habari. Ukabaki mkavu. Nusu saa. Mkavu.

Alinipa kisahani cha zamani kilichooza, kimefungwa karatasi, na bati la swala. Ni desturi ya mafundi wa reli: kilichotolewa hurudishwa kwa mwenyewe, akione. Nilimuuliza anataka malipo gani. Alikuwa anafuta spana zake, moja moja, na kuzipanga kwenye sanduku la bati la kijani. Halafu akaliweka sanduku kwenye buti ya gari langu.

"Ku njia batanyang'anya. Na kule Kasai sijui hata muntu moja. Weye utabakia hapa?"

Nikasema nitabaki.

"Basi unichungie."

Nilisema, Kalala, mimi ndiye mtu wa pazia. Alisema anajua. Alisema wengine wote anaowajua wamo kwenye treni.

Iliondoka saa kumi. Sikumwona dirishani. Walikuwa wengi mno.

Jumapili, 22 Novemba

Gazeti chini ya gari limekuwa kavu siku tatu. Kesho alfajiri tunaondoka. Maji, mkate, makaratasi, kikapu cha Sofia. Sanduku nimelificha chini ya kitanda. Sijamwambia mtu yeyote ila yeye.

Jumapili, 6 Desemba

Tumerudi jana. Kwenda na kurudi, hakuna tone. Vizuizi vingi barabarani. Sina la kuandika juu yake.

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji. La kushoto mwakani, Mungu akipenda. Asubuhi Sofia alizunguka nyumba nzima akitazama kila kitu, kuta, sufuria, mikono yake. Akasimama mbele ya picha, ambayo niliirudisha ukutani.

"Swala huyu ana miguu mitatu," alisema.

Nikamweleza. Nilieleza kwa kirefu kama kawaida yangu, habari ya chaki na shaba na moto. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda dirishani, akalivuta pazia la buluu pembeni kabisa, akaangalia ng'ambo ya barabara. Nyumba ya Kalala ina watu wengine sasa. Wameanika nguo.

Hakuna barua kutoka kwa Kalala. Posta haifanyi kazi, kwa hiyo ukimya wake hauna maana yoyote.

Mvua tangu alfajiri. Ukuta wa chumbani una unyevu mpaka usawa wa kitanda. Unyevu hula chuma hata ndani ya sanduku.

Leo: toa sanduku chini ya kitanda, paka spana mafuta, moja moja.