Pacha wa Kwenye Picha

Mjomba,

Leo sikuamkii. Shikamoo yangu nimeiacha nyumbani, na huko uliko huwezi kunifuata na fimbo.

Mimi Shabani, yule uliyesema kichwa changu kinafaa kubebea ndizi tu, nimejua kitu ambacho wewe umekufa hukijui. Tumbo lilinisumbua, nikaenda kupigwa ultrasaundi mjini. Nachungulia kwenye skrini naona mshipa mkubwa wa damu, tena miwili, imelala sambamba. Nikajivuna. Nikamwambia dada mpimaji ndiyo maana vijana wote wa Mwembesongo hawaniwezi. Akacheka mpaka akashika meza.

"Unao mmoja kama wenzako. Misuli ya tumbo imepindisha mawimbi ya sauti, mashine ikachora kitu kimoja mara mbili."

Akasogeza kile kidude cha kupimia pembeni kidogo. Mshipa wa pili ukapotea palepale.

Nilisahau maumivu, Mjomba. Nilimkumbuka dada yangu Mwajuma.

Mimba yake ilikuwa changa, mpimaji mmoja wa haraka haraka akamwambia ni mapacha, akampa na picha. Wewe ukaizungusha kwetu mlimani nyumba kwa nyumba, unafurahi kuliko baba mtoto. Akazaliwa mmoja. Ukamuuliza mbele ya ukoo mzima: "Mwenzake umempeleka wapi?" Ukasema kampeleka kwa waganga apate utajiri. Utajiri gani? Chumba kimoja Kihonda, huko mjini alikoishia, na jiko la mkaa? Na kwa kuwa kwetu neno la mjomba ndilo neno, ukamnyang'anya shamba la marehemu mama. Akashuka na kichanga mgongoni, mvua inanyesha. Hata msibani kwako wanawake walikaa mbali naye.

Nilimrudia yule dada mpimaji na ile picha uliyoizungusha. Akasema mifuko miwili ya mimba iliyofanana hivyo, ubavu kwa ubavu, ilitakiwa mtu asogeze kidude kwanza ndipo atamke mapacha. Basi kwenye arobaini yako nikasimama, mimi niliyeishia kidato cha pili, nikaeleza mawimbi na misuli kama profesa. Wazee walinuna. Mama Mkubwa, dada yako mwenyewe, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, akasogeza kikombe chake cha chai pembeni.

"Mwajuma arudi kwenye shamba la mama yake."

Amerudi. Kapanda kabichi. Wale waliomsema sasa wanapita njia ya chini wasikutane naye.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nakukumbuka. Ulinifundisha kulima kwenye mteremko bila kuporomoka, mkono wako umeshika shati langu kwa nyuma. Kwa nini hukumshika na yeye?

Nimemaliza, Mjomba. Kaburi lako nitalipalilia, kwa sababu Mama Mkubwa kaniamuru. Na ahadi yangu ni hii: mtoto wa Mwajuma akikua akaniuliza habari zako, sitakupamba. Nitamwambia ulimtafuta pacha ambaye hakuwepo, na yeye aliyekuwepo hukumpakata hata siku moja.

Lala.

Shabani