Picha Kumi na Nne za Farasi

3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba goti lake limepunguza hasira. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako ana mafua anayoyatangaza kama msiba, na wajukuu wako wanakula kama mchwa.

Ninaandika kwa sababu simu umeikataa, eti maneno ya simu hayasomeki mara ya pili. Haya basi. Shule zikifungwa mwezi wa nane tunakwenda kwenye bustani ya michezo, ile yenye gurudumu kubwa na farasi wa kuzunguka. Sote sita, wazee na watoto. Mama ameshasema anakuja hata kama ni kusukumwa kwenye toroli. Wewe hujasema kitu. Una miaka sabini na minne, Baba, na sijui mwakani magoti ya nani yatakuwa bado yanatembea.

Swali langu ni moja. Nimenunua kamera iliyotumika kwa mwenzangu wa kazini, aina ileile uliyokuwa nayo wewe, lakini haina lenzi. Nataka lenzi moja tu, kwa sababu mkono mwingine utakuwa umemshika mjukuu wako mdogo, Kiroboto, ambaye tangu ajifunze kutembea hajajifunza kusimama. Ninunue ipi? Umepiga watu picha miaka arobaini. Nijibu kwa mstari mmoja, inatosha.

Binti yako,
Kitinda

14 Mei

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Barua imetukuta salama. Mama yako hajambo. Goti humuuma akitajiwa kufagia na hupona akitajiwa safari.

Umeuliza lenzi ipi. Kabla sijajibu, nijibu wewe. Farasi wako upande gani wa lango? Jua la saa nne litawapiga usoni au kisogoni? Mkwe wangu bado anavaa zile fulana nyeupe zinazoharibu picha? Lenzi si kiatu, kwamba mtu anataja namba na kuondoka. Kwa uso wa mtu mmoja unahitaji milimita themanini na tano. Kwa familia nzima, thelathini na tano. Kwa mtoto aliye juu ya gurudumu, lenzi ndefu ya kuvuta, isiyopungua mia mbili. Hizo ni tatu. Ongeza stendi ya miguu mitatu, kitambaa laini, na mwavuli mweupe wa kupunguzia jua. Ukurasa wa pili hadi wa tano nimekuchorea mahali pa kusimama kwa kila saa ya siku. Usiukunje ule wa nne, wino wake mbichi.

Kuhusu kuja, tutaona. Studio haiwezi kufungwa hivihivi. Watu wanataka picha za pasipoti hata mwezi wa nane.

Baba yako

26 Mei

Baba,

Shikamoo. Habari za huko? Huku salama, ila mafua sasa tumegawana wote.

Baba, mimi nafanya kazi duka la dawa. Mgonjwa akiniuliza ameze vidonge vingapi, namwambia viwili baada ya chakula. Simchorei tumbo. Mimi nimeuliza lenzi moja nikapata kurasa tano, mwavuli na lawama juu ya fulana za mume wangu.

Nitakwambia kwa nini nataka moja, ingawa nilikuwa nimeapa nisilitaje jambo hili. Nilipokuwa na miaka saba ulitupeleka kwenye bustani hiyohiyo. Ulibeba mkoba wa lenzi mkubwa kuliko mimi. Tulipofika kwa farasi ukanisimamisha kando ya yule mweupe mwenye tandiko jekundu, ukasema, "Tulia hapo." Nikatulia. Ukabadilisha lenzi. Wingu likaja, tukangoja lipite. Ukabadilisha tena. Watoto wa watu walipanda, wakashuka, wakarudi kwenye foleni, wakapanda tena. Ulipomaliza, mashine ilikuwa imezimwa na mlinzi anafunga lango. Nina picha kumi na nne nikiwa kando ya farasi ambaye sikumpanda, na mpaka leo sijampanda. Mjini wanakuita Mzee Tulia na kucheka. Mimi sicheki sana.

Na katika picha zote za nyumba yetu, wewe humo. Kinyozi hajinyoi, najua. Lakini hata kinyozi kuna siku anaweka wembe chini akakaa na wanawe.

Lenzi moja, Baba. Na useme kama unakuja au huji.

Binti yako,
Kitinda

2 Juni

Kitinda,

Marahaba. Sote wazima.

Lawama nimezipokea. Nunua lenzi ndefu ya kuvuta, sabini hadi mia mbili. Ndiyo itakayokufaa. Mimi siji. Mtapanda mnachotaka bila mzee wa kuwachelewesha.

Baba yako

Mimi mama yako naandika hapa chini, yeye yuko bafuni. Amenuna siku ya tatu leo. Ameteremsha lile sanduku la picha juu ya kabati na hataki mtu aliguse, utadhani lina mayai. Mimi nakuja. Goti halijambo.

19 Julai

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi nina afya na nina hasira, vyote viwili kwa wingi.

Nimengoja wiki sita uandike, hukuandika. Basi nikanunua lenzi uliyosema. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia baba yangu ni mpiga picha, tena nikalisema kwa maringo. Jumapili nikaijaribu sebuleni. Nikawapanga mume wangu na watoto kwenye kochi, nikaangalia, nikaona pua ya mkwe wako. Pua tu, pamoja na mafua yake. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikapata sikio. Nikatoka mpaka koridoni, nikausukuma kwa mgongo mlango wa jirani wa mkabala, nikaingia kinyumenyume wakiwa mezani wanakula, na bado Kiroboto hakuwa na kichwa. Jirani alinikaribisha chakula kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Lenzi yenyewe nzito kama mtoto wa miezi sita. Nimeikalisha mezani nikaitazama mpaka nikaielewa. Hii ni lenzi ya mtu anayesimama mbali. Umeichagua kwa sababu ndivyo ulivyoamua kutuona, kwa mbali, sisi tukiwa kule na wewe ukiwa studio na watu wako wa pasipoti.

Na kama unataka ukweli, Baba, shida yangu haikuwa lenzi. Muuzaji yeyote angenichagulia. Nilikuandikia wewe kwa sababu ukiulizwa habari za lenzi unajibu, na ukiulizwa habari nyingine yoyote unasema tutaona. Nataka uje. Nataka siku moja uwe upande wetu wa kamera. Sina swali lingine.

Binti yako,
Kitinda

30 Julai

Mwanangu Kitinda,

Marahaba, mama. Mama yako mzima, amefunga mizigo tangu juzi na sasa anaikalia.

Nimekosa. Mpiga picha akiulizwa lenzi, kwanza anahesabu watu, kisha anapima umbali. Mimi nilihesabu bila kujihesabu, na umbali nikaupima kwa kinyongo. Lenzi ile mrudishie muuzaji, na umwambie alikuwa na haki ya kuuliza mara mbili.

Zile kumi na nne nimezitazama. Nilizipanga mezani kwa mfuatano, kama ninavyompangia mteja. Mwanga ni mzuri sana, nisiseme uongo. Katika ya kwanza unacheka. Ya tano unamtazama farasi. Ya tisa umemshika mguu. Ya kumi na nne humtazami farasi tena, unanitazama mimi. Uso ule niliusafisha kwenye dawa kwa mikono yangu, nikauanika, nikaukata kingo zikae sawa, na sikuuona. Nilikuwa naangalia mwanga. Imeniuma kwamba wewe umelijua jambo hili miaka thelathini na mimi nimelijua mwezi wa sita mwaka huu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilinuna kwa sababu kununa ni rahisi kuliko kuomba radhi. Sasa naomba radhi.

Jibu la swali lako ni milimita thelathini na tano. Hiyo haikuruhusu kusimama mbali, ukitaka uso wa mtu lazima umfuate alipo. Usinunue, yangu itaingia kwenye kamera yako, nitakuja nayo. Sitabeba nyingine. Mama yako ameupekua mkoba wangu mara mbili na kuutoa mwavuli.

Mlangoni nimebandika karatasi: Studio imefungwa, wenye pasipoti wasafiri mwezi wa tisa.

Baba yako

21 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mlifika salama? Na Mama ameacha kuwasimulia majirani? Huku wazima, ila Kiroboto anadai tukahamie kule bustanini.

Picha nimezitoa, ziko mia moja na kumi na mbili. Yumo Mama kwenye vigari vya kugongana, akimgonga mkwe wake kwa makusudi, na uso wa mkwe unaonyesha kwamba naye ameelewa. Fulana nyeupe na yote. Wewe umo katika picha tisa. Katika nane kati ya hizo umenyoosha kidole kunionyesha jua liliko, lakini umo, na nimezibandika hivyohivyo ukutani.

Sasa nieleze jambo moja. Saa kumi jioni, kwa farasi. Yule mweupe wamempaka bluu, lakini ni yeye, sikio lake limevunjika palepale. Nilikuwa nimewasimamisha watoto kando yake nikiwaambia watulie hapo, wingu lipite kwanza. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, nikaona haya. Ndipo ulipokuja ukanivua kamera shingoni, ukasema, "Panda. Wingu niachie mimi." Nikapanda. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane, magoti karibu na kidevu, wanangu nyuma yangu wakinicheka waziwazi. Nilifurahi, Baba, mpaka nikataka kulia, nikaona nitaonekana mjinga nikaacha.

Tulizunguka mara sita. Kila mara ulikuwa umesimama palepale, hatua mbili kutoka kwenye uzio, kamera shingoni, lenzi ileile uliyoisifu, na mwanga wa saa kumi ambao tangu asubuhi ulituambia ndio mwanga bora wa siku nzima.

Nimezipitia picha zote mia moja na kumi na mbili. Nimezipitia mara tatu. Mume wangu naye amezipitia. Hakuna hata moja ya mimi nikiwa juu ya farasi. Kumi na nne nikiwa chini, na juu hakuna hata moja. Miaka arobaini ya kazi, kamera ikiwa shingoni, mwanga unao, binti anapita mbele yako mara sita. Ulikuwa unafanya nini?

Nijibu, na safari hii usinichoree.

Binti yako,
Kitinda

28 Agosti

Mwanangu Kitinda,

Marahaba, kila ulipopita ulikuwa unanipungia, na mikono ninayo miwili tu.

Baba yako