Siki Niliyommwagia Mama Jichoni

Nyumba Na. 27,
Nyuma ya Karakana,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani huko uliko, na lile goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Binamu zangu na mama yao hawajambo? Sisi huku ni wazima, ingawa neno hilo nimelifuta mara mbili kabla ya kuliandika.

Nianze na habari njema, maana ipo moja. Mdogo wangu amefaulu mtihani wa ushonaji, na sasa anatushonea hata tusivyovihitaji. Pazia la bafuni lina marinda.

Mjomba, dada yako amepoteza jicho la kulia. Barua tatu nimejaribu kulizunguka jambo hili, nikazichana zote. Hii ni wiki ya tano. Ulipopiga simu tukakuambia amelala, tulikudanganya.

Unajua bado anapika sabuni uani. Siku ile alikuwa anatia kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, kwenye ndoo ya maji kwa utaratibu wake wa siku zote: kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Bonge moja likamponyoka, maji yakaruka. Miwani ya kazi alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso ili afute jasho.

Akapiga yowe. Mimi nilikuwa ndani nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, somo la asidi, besi na alkali. Nusu ya darasa walikuwa wameandika kwamba litmasi nyekundu ikitiwa kwenye alkali haibadiliki, nami nilikuwa nimewakasirikia kwelikweli.

Basi nikatoka mbio na somo lote kichwani. Kostiki ni alkali. Alkali huzimwa na asidi, na zikishazimana hubaki chumvi na maji. Pipa la maji lilikuwa pale pale mlangoni, Mjomba. Nililipita. Nikaingia jikoni kutafuta siki, nikafungua kabati la kwanza, la pili, nikapangua chupa zote. Nilipoipata nikamshika mama kichwa na kummwagia jichoni, huku namwambia, "Vumilia mama, inazimika."

Haikuzimika. Asidi na alkali zikikutana hutoa joto. Hilo nalo nalifundisha, liko kwenye ukurasa unaofuata.

Aliyekuja na maji ni jirani yetu fundi viatu, ambaye kemia hajaisoma hata siku moja. Alinisukuma hadi nikaanguka. "Maji, mwalimu! Maji kwanza, mengine baadaye!" Akawa anachota na kumwosha, anachota na kumwosha, mpaka gari la wagonjwa likafika.

Daktari alinieleza bila kunificha. Asidi mara nyingi hugandisha nyama ya juu, ikajizibia njia yenyewe. Alkali haizibiwi njia. Hugeuza mafuta ya mwili kuwa sabuni na kuzidi kuchimba. Dawa yake ni maji mengi, papo hapo, kwa muda mrefu. Mimi nilipoteza kama dakika nne kwenye makabati.

Halafu akauliza ni nani aliyetumia siki. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu kwamba alijimwagia mwenyewe. Ndivyo alivyowaambia majirani pia, hata mdogo wangu, na mimi nimenyamaza. Nimeona aibu, Mjomba.

Sasa kila mtu ananihurumia. Wanafunzi wameniletea kadi, mkuu wa shule amenipa likizo. Mama mwenyewe ananipapasa mkono na kuniuliza kama nimekula. Siwezi kumtazama usoni, naye anadhani ninaogopa bandeji.

Nisalimie binamu zangu na mama yao. Fundi viatu anakusalimu sana, na mdogo wangu anaomba vipimo vya kiuno chako, kwa hiyo jihadhari. Mama angekusalimu, lakini hajui kwamba ninakuandikia.

Mungu akulinde na kukupa nguvu ya kuipokea barua hii. Wewe na mama mmetoka tumbo moja, hakuna mwingine aliyebaki mwenye haki ya kunikaripia. Nakuomba usinipe pole. Watu wote wamekwisha kunipa pole. Nigombeze, Mjomba.

Wako akupendaye, na anayengoja,
Mpwa wako