Tangazo la Chetezo cha Kuchaji

Dada Thuwaiba,

Huko uliko, wakikuuliza nduguyo kawa nani siku hizi, wambie kawa mwalimu wa chuo kikuu. Mie, niliyeishia darasa la sita. Mwezi uliopita nlikwenda chuoni Al Khoudh, darasa zima likaninyamazia, mwalimu wao akawa anaandika, na bawabu wa getini akaniita daktari. Pengine alikuwa anamwita mtu wa nyuma yangu, lakini nliitika mie.

Nakupa kisa chenyewe, maana weye ndiye uliyekianza.

Mwanao Nasra alipewa kazi chuoni: achague tangazo moja la biashara, aeleze linamshawishi nani, na vipi. Akaja kwangu. Angemwendea nani mwengine? Miaka yote ile, kila Ijumaa baada ya chakula, tumejaa ukumbini kwako Khuwair, tangazo likitokea kwenye televisheni unanyanyua rimoti kama bakora: "Usitizame kitu. Mtizame wanayemtaka." Sabuni ile, ulisema, wanamtaka bibi harusi anayemwogopa mavyaa wake. Gari lile, mwanamme asiyesikilizwa na mkewe. Nami nkasema halijatengenezwa tangazo la kunipata mie, hata nkiwa usingizini. Ulicheka mpaka ukapaliwa na kahawa.

Ulipoondoka, Ijumaa yako uliniachia mie. "Wasitawanyike." Ndilo neno lako la mwisho kwangu, ukiacha yale ya kutaka nkuinulie mto kitandani. Mwezi wa kwanza walikuja wote. Wa pili, nusu. Wa tatu shemegi yetu wa Bustan akasingizia gari, mwengine mgongo, na Ijumaa moja nkala na jirani yako Mzee Khalfan peke yetu, naye alikuja kuchukua ngazi yake.

Basi hilo tangazo. Chetezo cha udi cha kuchaji, hakitaki mkaa. Linaanza na nyumba tupu, mzee mmoja kakaa, rangi zote baridi kama ndani ya friji. Mkono wenye hina unabonyeza kidude, moshi unapanda, na pale pale rangi zinageuka za samli. Mlango unafunguka, na bibi mmoja, uso humwoni, anasema taratibu: "Karibuni, karibuni ndani." Nje, viatu. Vya wakubwa, vya watoto, kimoja kimepinduka.

Nasra alihesabu: chetezo kinaonekana mara mbili, viatu mara tano. Nkamwambia, hapo hapo mwanangu. Hawa hawauzi chetezo, wanauza viatu mlangoni. Wanamtaka mtu ambaye mlangoni kwake pana jozi moja.

"Mjomba, umeyajuaje yote haya?"

Nkasema ni kipaji.

Dada, nlikuwa nshakinunua. Na balaa lishatokea, yeye kalala dahalia huko chuoni, hana habari.

Nliwapigia simu jamaa wote, nkasema pana mbuzi wa Nizwa, nimemkamata mwenyewe mlimani kwa mikono mitupu. Wakaja, watu ishirini na mbili. Viatu mpaka kwenye ngazi! Nami, kama kwenye tangazo, nkawapokea na moshi. Hawajakaa vizuri, halwa haijafunuliwa, kahawa ingali jikoni, nkapita na chetezo kwa mmoja mmoja, ndevu kwa ndevu.

Weye ushafahamu. Mie sikufahamu. Udi unapita mwisho, mgeni ajue ruhusa ya kuondoka ishatoka. Nnalijua hilo tangu nnanyonya. Mzee Khalfan akajifukiza, akaniangalia kwa huruma, akasimama. "Haya jamaa, mwenye nyumba keshatupa ruhusa." Wote, kwa adabu zao, wakasimama. Hakuna aliyeuliza, walidhani nimepata habari mbaya. Nkabaki na moshi na masufuria mawili ya pilau. Nlilila mpaka Jumatano.

Nasra aliyapata haya kwa Mzee Khalfan, akayapeleka chuoni mazima mazima, na mie akanichukua. Alilambia darasa kwamba tangazo likimjua mtu vizuri linaweza kumsahaulisha hata ada aliyozaliwa nayo. Halafu akasema mfano wenyewe kakaa pale nyuma, kavaa kofia ya kijani. Nkasimama, nkawapungia mkono. Walipiga makofi, wallahi, mapangaboi yakatikisika.

Kisa kikatembea mpaka kwa jamaa. Ijumaa iliyofuata walikuja wenyewe, bila simu, kuja kunicheka. Shemegi wa Bustan kasimama chini anauliza apande, au udi ushapita. Mzee Khalfan kaja na ngazi yake, ati nkimtoa tena atarudi kwa dirishani. Tokea hapo hawajakosa. Kile chetezo cha kuchaji kakikalia Mzee Khalfan, kusudi, na hakuna anayemwondosha.

Basi pumzika, Dada. Nnakuahidi hapa hatoki mtu na njaa, na udi utapita mwisho, kwenye chetezo chako cha udongo, kile kilichomeguka mdomo.

Moja tu sikumwambia Nasra, na lisifike chuoni. Siku ya kwanza tangazo lile lilipotokea nlikuwa peke yangu ukumbini kwako. Yule bibi aliposema karibuni ndani, nliitika. "Starehe, nshakaribia." Kwa sauti. Nkavaa na kofia.

Nduguyo